Mshale wa Manjano

Oujda, 14 Septemba

Kwa mwanangu Nawfal,

Salaam nyingi kutoka kwa shangazi yako Turia. Sisi hapa wazima, ila goti la baba yako limerudia ukaidi wake, na yeye mwenyewe amelizidi. Daktari kamwambia apumzike, yeye kapanda juu ya paa kugeuza dishi. Binti yangu Bushra amepandishwa cheo pale duka la dawa, kwa hiyo sasa anawaonea watu wawili badala ya mmoja. Bi Yamna wa mlango wa pili amemwoza mwanawe wa mwisho. Harusi ya siku tatu, na muziki ulikuwa mbovu siku zote tatu. Nimekutumia biskuti za kaak kilo mbili kwa basi. Zikifika zimevunjika, chovya kwenye chai usilalamike.

Sasa nije kwenye neno lililonifanya nitafute bahasha.

Jana Bushra alinionyesha trela ya gemu yetu, Bonde la Chumvi la tatu. Dakika mbili na nusu. Nimefundisha fizikia miaka thelathini na minne, nimesahihisha karatasi za watoto walioandika kwamba mwanga ni aina ya maji, lakini sijapata kuona upuuzi uliogharamiwa kiasi kile. Izza, mwanamke aliyeongoza msafara wa chumvi gemu mbili nzima bila kuinua kitu kizito kuliko fimbo, sasa kashika mapanga mawili na anaruka kama panzi aliyemwagiwa maji ya moto. Nyumbu wake wa mizigo, Dahbia, kavishwa kofia. Na chini wameandika kwamba kofia nyingine zitauzwa kando.

Haya yote ningeyameza. Lakini umeuona ule mshale? Mbele ya Izza, chini kwenye ardhi, kuna mshale wa manjano unaowaka na kumwonyesha pa kupita. Katika Bonde la Chumvi, gemu ambayo kazi yake yote ilikuwa kupotea na kujitafuta. Wewe na mimi tulijua njia kwa kutazama masikio ya Dahbia yanageukia wapi upepo ukibadilika, na kwa rangi ya chumvi: nyeupe ardhi ngumu, ya waridi ardhi inayomeza. Sasa unafuata mshale, kama mgonjwa anayeelekezwa maabara kupeleka mkojo. Waliosifiwa kwa la kwanza na la pili wamelitia tembo maji, na kikombe chenyewe hawakukiosha.

Wewe umo ndani ya jengo la kampuni inayoitengeneza. Najua unachora mawe tu, uliniambia, na mawe ya kwenye trela hayana ubaya. Lakini unakula nao chakula cha mchana. Nataka jina la aliyeleta mshale. Nataka tu kujua kama ana mama au aliokotwa.

Usinijibu kwa simu. Kwenye simu unaitika "ndiyo Shangazi, ndiyo Shangazi" huku unachapa kompyuta, vidole nakusikia.

Shangazi yako,
Turia


Casablanca, 6 Oktoba

Shangazi yangu,

Shikamoo. Natumaini goti la Baba limetulia na Baba naye katulia. Kaak zilifika nzima, wenzangu wakazimaliza kabla sijaketi. Mpe Bushra hongera, na wape pole wale wawili. Mimi mzima. Nimehama, sasa nakaa mtaa wa Maarif, kwa mzee mmoja mwenye kasuku aliyekariri matangazo ya redio. Kila asubuhi naamshwa na sifa za sabuni ya unga.

Kuhusu gemu. Trela si gemu, Shangazi. Trela ni mtu aliyevaa kwa ajili ya picha. Subiri itoke.

Na mshale una sababu zake. Waliitwa watu arobaini waijaribu bila mshale. Thelathini na mmoja walipotea katika korongo la kwanza. Ishirini na wawili waliweka pedi za kuchezea mezani, wakaenda kunywa kahawa, hawakurudi. Mmoja alisema, "Nimefanyishwa kazi saa tisa leo, sitaki na mchezo nao uninyanyase." Utamjibu nini mtu huyo? Si kila mtu ana miezi minane ya kulala kitandani. Watu siku hizi wanataka kufika.

Nani aliyeuleta, sijui. Mambo haya huamuliwa na kamati, na kamati haina mama.

Nisalimie wote.

Nawfal


Oujda, 25 Oktoba

Mwanangu Nawfal,

Wa alaikum salaam. Baba yako ameanguka kutoka kwenye ngazi. Ngazi ni nzima. Yeye ana uvimbe wa kiwiko na hadithi mpya ambayo tumeisikia mara kumi na moja. Bushra anakusalimu na anasema kasuku apewe mume.

Unaniuliza nitamjibu nini mtu aliyechoka kazini. Ningemwambia aende akalale. Nani kamshikia bunduki acheze? Mtu hataki kupanda mlima, basi mlima ushushwe, kisha tumpigie makofi kileleni. Kamati yenu ina wema wa mhudumu wa hoteli.

Na wewe unaitaja miezi minane kana kwamba ilikuwa likizo. Nikukumbushe. Ulikuwa na miaka tisa, pikipiki imekuvunja paja, mama yako ndiyo kwanza kajifungua dada yako, ukaletwa kwangu kama mzigo wa mbao. Ulikuwa hutaki kula, hutaki kusoma, unatazama ukuta. Nikaenda soko la Souk el Fellah nikakununulia ile mashine iliyotumika na gemu ya kwanza. Tulipotea katika korongo wiki tatu. Uliichora ramani kwenye plasta ya mguu wako kwa kalamu yangu nyekundu ya kusahihishia, na ulipoishiwa nafasi ukaniomba nikugeuze. Siku uliyopata njia ya kutoka hukupiga kelele. Uliniambia, "Shangazi, usiseme kitu." Ukakaa unatazama ile tambarare nyeupe mpaka supu ikapoa, kisha ukala bakuli mbili.

Hao thelathini na mmoja waliopotea, hakuna aliyewaambia kwamba walikuwa wameshaanza kucheza.

Kwa hiyo nimewaandikia. Barua ya kurasa kumi na moja pamoja na michoro, nimeituma jana kwa rejista. Bushra amegundua kwenye tovuti yao kwamba kuna cheo kinaitwa Mkuu wa Njia, jina la mtu hawakuweka, nadhani kwa usalama wake. Nimeanza hivi: "Bwana, sikujui, na hiyo ni neema kwetu sote wawili." Ukurasa wa nane nimemchorea masikio ya nyumbu, aone kazi yake. Wewe sikukutaja. Sitaki wakusumbue kwenye mawe yako.

Shangazi yako,
Turia


Casablanca, 20 Novemba

Shangazi,

Shikamoo. Poleni na kiwiko. Huku mvua zimeanza na bomba la mwenye nyumba limepasuka.

Barua yako kwa kampuni ilifika. Ilisomwa. Nakuomba usiandike nyingine, watu huku wana kazi nyingi mno kabla ya gemu kutoka.

Mawe yanaendelea vizuri.

Nawfal


Casablanca, 3 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo, na mwaka uwe wa heri. Wiki sita tangu nikuandikie sijapata neno lako, na huo si mtindo wako. Nilikutumia shali ya sufu, posta wanasema iliwekewa saini. Baba nikimuuliza ananijibu kwamba uko salama, unasoma. Nikamuuliza unasoma nini, akasema, "Vitabu." Bushra simu yangu hapokei.

Nakuwekea picha za mawe mawili ya gemu mpya. Hili la kulia lilimchukua mtu siku nne.

Kama kuna nililokukosea, niambie.

Nawfal


Casablanca, 29 Januari

Shangazi,

Jana usiku nilimbana Baba kwenye simu mpaka akasema. "Shangazi yako ameiona ile video. Mara nne. Kisha akaniuliza kama nilijua. Ningesema nini? Nilimwambia mimi ni fundi breki."

Basi nieleze nilichopaswa kueleza mwezi wa kumi na moja.

Barua yako ilipofika ilikwenda kwa Zakaria wa masoko. Akaamua ni kitu cha kuchekesha, akaita watu kumi na wawili kwenye chumba cha mikutano, akawasha kamera, akapanda juu ya kiti na kuisoma kwa sauti ya bibi kizee anayetetemeka. Watu walicheka. Alipofika pale pa "Bwana, sikujui" wote wakageuka kunitazama mimi, kwa sababu barua ilikuwa yangu. Mimi ndiye Mkuu wa Njia, tangu mwaka juzi. Sijachora jiwe hata moja maishani mwangu.

Zakaria akaniuliza, "Mkuu, unamjua huyu bibi?"

Nikasema, "Nani asiye na shangazi wa namna hii?"

Wakacheka zaidi, nami nikacheka nao. Ndiyo sehemu waliyoiweka kwenye video waliyoitoa mtandaoni, na maandishi ya cheo changu chini ya uso wangu.

Na mshale niliuleta mimi. Hakuna aliyeniamuru. Nilitazama watu ishirini na wawili wakiondoka na kahawa zao, nikaogopa, nikauchora mchana huo huo. Wakubwa waliupenda. Nilipandishwa mshahara.

Ukurasa wa nane Zakaria aliuruka, hakuona cha kuchekesha. Mkutano ulipoisha niliichukua barua nzima mezani. Ninayo.

Sijui niombe radhi kwa lipi kwanza.

Nawfal


Oujda, 17 Februari

Nawfal,

Salaam ni haki yako hata ukiwa mjinga, kwa hiyo nakusalimu. Baba yako amefanyiwa upasuaji wa goti, umefanikiwa, sasa anamfundisha daktari namna ulivyopaswa kufanywa. Shali imefika. Inawasha.

Video niliitazama mara tano, baba yako hajui kuhesabu. Huyo Zakaria ananiigiza vibaya. Sauti yangu haitetemeki, waulize wanafunzi elfu nne. Akitaka kunicheka aje darasani kwanza.

Kicheko chako nimekichunguza. Nakijua kicheko chako tangu huna meno. Kile hakikuwa chenyewe. Kilikuwa cha mtu anayetazama pembeni kuona nani mwingine anacheka. Nimewahi kuwa na mwalimu mkuu aliyecheka hivyo, akafika mpaka wizarani, na leo hakuna anayelikumbuka jina lake, hata mimi niliyemchukia.

Miaka miwili nawaambia watu unachora mawe. Bi Yamna akiona jabali zuri kwenye televisheni ananiita, "Turia, njoo, hilo ni la Nawfal?" Nami nilikuwa naenda kutazama. Uliniacha niende kutazama.

Uliogopa nini? Kwamba nitakudharau? Nimekudharau. Umeona, hujafa.

Na wala si kwa sababu ya kumcheka mwanamke mzee, wanawake wazee tunachekesha. Ni kwamba wewe ulijua. Hao wenzako hawajui, wamelelewa na mishale, siwalaumu sana. Wewe ulikaa wiki tatu ndani ya lile korongo. Ulijua kuna nini upande wa pili, na bado ukawapa watu njia ya kutolipitia.

Usiniandikie mpaka gemu itoke. Nitainunua kwa pesa yangu. Nitaicheza yote, kwa haki, kama nilivyosahihisha karatasi za watoto wa mahasimu wangu. Kisha nitakuambia.

Turia


Oujda, 2 Mei

Nawfal,

Salaam. Baba yako anatembea bila fimbo na anamcheka kila mwenye fimbo. Bushra kaposwa na mfamasia wa Berkane, kijana mpole, atateseka.

Nimemaliza Bonde la Chumvi la tatu. Siku kumi na moja, kila siku baada ya sala ya Alasiri. Mashine mpya Bushra aliniunganishia na intaneti, ikawa kila nikiiwasha inaniuliza kama nataka kofia.

Sikiliza hukumu. Muziki ni ule wa zamani uliopakwa sukari. Mapanga yanachosha mkono na akili. Maadui wanakuja watatu watatu kama wako kwenye foleni ya mkate. Izza anajisemea kwa sauti kila anachokiona: "Ninaona kisima." Nami naona kisima, mwanamke, ninayo macho. Mwisho anapokutana na dada yake, kitu ambacho gemu ya pili ilikiacha kikiniuma miaka kumi na minane, wanakumbatiana na maandishi yanatokea kwamba nimepata nyota hamsini. Nyota za nini? Nizipeleke wapi? Na ule mshale. Nimejaribu kutoutazama, haiwezekani. Ni kama mtu anayekunyooshea kidole wakati unakula. Nimeivuka nchi nzima na sikumbuki hata kona moja.

Isipokuwa pahala pamoja.

Baada ya Kisima cha Wajane, kwenye kijito kilichokauka, mshale unazimika. Nikadhani mashine imekufa. Nikaendelea. Hakuna mshale, hakuna sauti, upepo tu. Nikazunguka saa nzima nikarudi pale pale. Kesho yake tena. Siku ya tatu ndipo nikamtazama Dahbia, chini ya lile likofia lake la kipuuzi, nikaona masikio yanageuka. Upepo ukabadilika, nayo yakabadilika. Nawfal, nilivuta kiti mpaka karibu na kioo. Bushra kaja na chai nikamfukuza. Chumvi ilikuwa ya waridi upande wa kulia, nyeupe kushoto, nikapita katikati taratibu kama tulivyokuwa tukipita, na nilipotokea juu ya ukingo nikakaa kimya, chai ikapoa mlangoni alikoiacha.

Halafu mshale ukarudi na gemu ikawa uchafu tena mpaka mwisho.

Nataka jina la aliyepatengeneza pale. Safari hii si kwa kumlaani.

Turia


Casablanca, 14 Mei

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nimefurahi kwa Bushra. Nimfikishie salamu za pole huyo mfamasia mwenyewe au utanifikishia?

Pale hapakutengenezwa na mtu. Ni hitilafu.

Mwezi wa kumi na moja kijana anayeshughulika na maji alishusha kile kijito kidogo, na mshale ukakosa ardhi ya kushika, ukawa unazimika kwa urefu wa bonde zima. Niliambiwa niurekebishe. Ilikuwa tarehe tisa Desemba, wiki ile ile video ilipotoka. Ni kazi ya dakika kumi. Nilikuwa na ukurasa wako wa nane juu ya meza. Nikaandika kwenye orodha "imerekebishwa", nikaenda kunywa kahawa.

Masikio yamekuwepo gemu nzima, Shangazi. Yalitoka kwenye gemu za zamani, hakuna aliyekumbuka kuyatoa. Yanageuka kila upepo ukibadilika, kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Hakuna anayeyaona kwa sababu macho yote yako kwenye mshale wangu.

Malalamiko yamefika elfu nne. Watu wanakwama kijitoni na kurudisha gemu dukani. Wiki iliyopita bosi aliniita.

"Nawfal, hii uliandika umeirekebisha."

"Niliandika."

"Na hukuirekebisha."

"Sikuirekebisha."

Alinisubiri niseme nimesahau. Sikusema. Tangu Jumatatu nimehamishiwa michezo ya simu. Napanga peremende za rangi tatu katika mistari, zikilingana zinapasuka. Zakaria alikuja kunishika bega. Nilimwambia yule bibi wa barua ni shangazi yangu, na kwamba sauti yake haitetemeki. Aliondoa mkono.

Usinisifu. Gemu ni mbovu kama ulivyosema, na ubovu wake mkubwa ni wangu. Nilipaacha pahala pamoja tu, na hata hapo sikupajenga.

Ila kuna jambo. Tarehe 27 mwezi huu wanatoa sasisho la kuurudisha mshale pale kijitoni. Kila mashine iliyo kwenye intaneti italivuta yenyewe, haiulizi. Kulizuia siwezi, huko sasa hata mlango hawanifungulii. Nimeona ujue.

Nawfal


Oujda, 25 Mei

Mwanangu Nawfal,

Barua yako imefika leo saa nne asubuhi. Saa nne na robo nimeukata waya wa intaneti kwa mkasi wa kushonea. Bushra alikuwa anaongea na mchumba wake, nadhani bado anaongea. Baba yako anasema ningeweza kuuchomoa tu. Nimemwambia kinachochomolewa hurudishwa.

Kuhusu hizo peremende sina la kusema. Anayefanya kazi hiyo na anayeicheza wanastahiliana, na sitarajii uzeeke hapo.

Msafara nimeurudisha mpaka Kisima cha Wajane na nimeusimamisha. Sijagusa kitu tangu adhuhuri. Idi ni wiki mbili zijazo, panda treni ya Alhamisi kabla yake. Pedi ya pili nimeinunua leo, nyeusi, nyekundu kama yako ya zamani hazikuwepo.

Ukifika keti. Usiniambie pa kupita.

Shangazi yako,
Turia